Barabara kuu ikifungwa, uchochoro wa watu usigeuzwe barabara kuu



Ndugu msomaji, leo safu yetu ya afya na usafi inazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya mpaka wawe wameshalazwa wodini. Nalo ni mwenendo wetu juu ya pikipiki pale barabara kuu inapojengwa, foleni ikasimama, na kila mmoja akaanza kutafuta pa kupenya.

Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa foleni ya ujenzi ikoje. Barabara ya Morogoro ilichimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, mpaka huduma ikaanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Kisha ikapanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha. Zamu ikafika barabara ya Kilwa upande wa Mbagala, ikafika barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, ikafika Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo kuelekea Tegeta. Tazara na Ubungo nako tulivumilia miaka ya vifusi kabla madaraja ya juu hayajafunguliwa, la kwanza mwaka 2018 na la pili mwaka 2021. Ujenzi ni neema, na mwenye kuukataa hajui ubaya wa barabara mbovu. Lakini neema hii ina muda wake wa taabu, na namna tunavyoupitisha muda huo ndiyo inayotuletea misiba.

Nami sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki kumnasihi mwenzio kwa jambo ulilolifanya ukajificha.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa naiwahi ndoa ya kijana wa rafiki yangu, iliyopangwa kufungwa msikitini mara baada ya swala ya Alasiri. Nilipofika barabarani nikakuta upande mmoja umefungwa, katapila limekaa katikati, magari hayasogei. Nikachukua bodaboda. Kijana yule akaniambia, "Mzee, tuzunguke njia ya juu, ni mbali kidogo lakini kumetulia." Nikamjibu kuwa nimechelewa, apite vichochoroni, tena akaze mwendo. Akapita. Kwenye kona ya tatu, watoto walikuwa wakitoka chuoni na juzuu zao mkononi. Binti mmoja, umri wake kama miaka minane, alivuka mbio kumkimbilia mwenzake. Kijana alibana breki, mchanga ukateleza, pikipiki ikamgonga kwa ubavu. Alivunjika mkono.

Tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta, na Alhamdulillah amepona. Lakini bibi yake aliyetukuta pale kwenye benchi hakutukana wala hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba, mlikuwa mnakwenda wapi?" Nikamwambia tulikuwa tunawahi ndoa. Akanyamaza. Baadaye nikapata habari kuwa ndoa yenyewe ilichelewa, kwa kuwa bwana harusi na watu wake walikuwa wamekwama kwenye foleni ile ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa na fikra moja ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuifikisha leo: njia ya pikipiki haichaguliwi na dereva peke yake. Abiria ndiye anayeichagua, kwa maneno yake na kwa nauli yake. Mke anayepiga simu "uko wapi mpaka sasa" anaichagua pia, na hata mzazi anayemtoa mtoto nyumbani dakika kumi kabla ya kengele ya shule. Tukiwalaumu vijana wa bodaboda peke yao, tutakuwa tumeulaumu mkono tukauacha moyo unaouamrisha.

Kichochoro ni ua la watu

Hebu tukitazame kichochoro kwa macho ya wanaokaa humo. Mama amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango anachambua mchele. Mtoto anayejifunza kutembea anatambaa kufuata mpira. Mzee ametoka kutawadha, ndala zimelowa. Pana kamba ya nguo, pana jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage, pana ndoo za maji. Nyumba zetu nyingi za uswahilini hazina ua, basi njia hiyo nyembamba ndiyo ua lao, ndiyo sebule yao, ndiyo uwanja wa watoto wao.

Siku barabara kuu inapofungwa, ghafla mahali hapo panapitiwa na pikipiki moja baada ya nyingine tangu alfajiri mpaka usiku, honi mdomoni mwa mlango, vumbi ndani ya sufuria, moshi dirishani kwa mgonjwa. Watu wa mtaa huo hawakuulizwa. Hawakulipwa fidia. Ni jirani zetu, na haki ya jirani katika Uislamu tunaijua.

Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba wake kukaa njiani. Walipomwambia kuwa hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa aliyekaa tu kando ya njia ametakiwa azuie udhia wake, vipi kuhusu anayeipita njia hiyo na chombo cha chuma chenye uzito unaozidi kilo mia? Na katika mafunzo yake, kuondoa kitu cha kuudhi njiani ni tawi la imani, na mtu mmoja alisamehewa kwa kuondoa tawi la miiba lililowazuia wapitao. Sisi tunaondoa mwiba, au tunakuwa sisi ndio mwiba?

Hesabu ya dakika

Tatizo kubwa ni kwamba watu hawapigi hesabu ya kile wanachokiokoa. Tuipige pamoja. Chukua kipande cha mitaani chenye urefu wa kilomita tatu. Ukikipita kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, utatumia dakika tatu na nusu hivi. Ukikipita kwa kilomita 30 kwa saa, utatumia dakika sita. Faida yote ya kukimbia ni dakika mbili na nusu, nazo ni chini ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa tuangalie hasara. Binadamu akiona hatari, huchukua kama sekunde moja kabla mkono wake haujabana breki. Katika sekunde hiyo, pikipiki ya kilomita 30 imekwenda mita nane. Ya kilomita 50 imekwenda karibu mita 14, na bado haijaanza hata kupunguza mwendo. Kichochoro chenyewe kina upana wa mita mbili au tatu, na mtoto anatokea mlangoni, hatokei mbali. Ongeza mchanga na kokoto zilizomwagwa na malori ya ujenzi, ambazo huifanya tairi iteleze kama iko juu ya mtama. Hapo huhitaji kuwa mwalimu wa udereva kujua kitakachotokea.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio wanafunzi wa madrasa zetu na ndio vijana wetu wa vijiweni. Nenda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, utawaona waliofungwa vyuma miguuni, na utasikia neno pikipiki kitanda baada ya kitanda.

Na kwetu Waislamu hesabu haiishii hospitali. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo (Al-Baqarah, aya ya 195). Na mwenye kumuua Muumini kwa bahati mbaya, hata bila ya kukusudia, amewekewa diya kwa jamaa wa marehemu na kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo (An-Nisaa, aya ya 92). Ufafanuzi wa nani hubeba nini katika ajali nauacha kwa masheikh wetu. Lakini aya hiyo inatosha kutuonyesha kuwa neno "haikuwa kusudi" halifuti kila kitu.

Utulivu katika msongamano ni Sunna

Wapo watakaosema kuwa dini haina habari na foleni. Si kweli. Msongamano wa watu na vipando ulikuwepo zama za Mtume (s.a.w.), na mkubwa wao ulikuwa siku ya kuondoka Arafa. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (s.a.w.) alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakichapwa ili waende mbio. Akawaashiria watu kwa mjeledi wake, akawataka watulie, akawabainishia kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Na Usama bin Zayd ameeleza kuwa mwendo wa Mtume siku hiyo ulikuwa wa wastani, na alipopata nafasi iliyo wazi ndipo alipoongeza. Tazama mafunzo hayo, ndugu msomaji. Penye watu, punguza. Penye uwazi, ongeza kwa kiasi. Mtaalamu wa usalama barabarani wa leo hana la kuzidisha juu ya hilo.

Hata swala yenyewe, tumefundishwa kwamba tukisikia iqama twende kwa utulivu na heshima, tuswali tutakachokidiriki na tukamilishe kilichotupita. Ikiwa kuiwahi rakaa hakuruhusu kukimbia, ni shughuli gani basi inayoruhusu? Ndoa? Futari? Mpira? Nazungumzia futari kwa makusudi, kwani katika Ramadhani nusu saa kabla ya Magharibi barabara zetu hutisha. Mtu amefunga, damu yake ina sukari kidogo, ana kiu, kichwa kinamuuma, halafu anashindana na jua. Tende moja na chupa ndogo ya maji mfukoni vinamtosha kufungulia popote adhana itakapomkuta, kisha akaendelea na safari yake taratibu.

Njia ndefu nayo ina baraka zake

Kubadilisha njia si vibaya. Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kinachotakiwa ni kuchagua njia mbadala iliyo njia kweli, yaani barabara, na isiwe korido ya nyumba za watu.

Kwa mfano, anayetoka Mwenge au Mikocheni kwenda mjini, barabara ya Ali Hassan Mwinyi ikiwa imebanwa na ujenzi, anaweza kuzunguka upande wa bahari. Anapita Coco Beach, anavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo limekaa juu ya maji kwa zaidi ya kilomita moja, kisha anafuata barabara ya ufukweni mpaka Kivukoni. Ni mzunguko, ndiyo. Lakini kuna upepo wa bahari badala ya moshi wa malori, kuna mitumbwi ya wavuvi, na jicho linapumzika. Na anayetoka Mbagala, barabara ya Kilwa ikikwama, anaweza kuingilia Kongowe, akapita Kibada na Mjimwema katikati ya minazi, akatokea Kigamboni, akavuka kwa pantoni au akapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Nimepita njia hiyo asubuhi baada ya Alfajiri. Nilitumia muda mwingi zaidi, na nilifika nikiwa sina hasira na mtu.

Msidhani hilo la hasira ni jambo dogo. Aliyekaa saa nzima kwenye foleni, jua kichwani na honi masikioni, moyo wake hudunda kwa kasi, misuli ya shingo hukaza, na maamuzi yake huharibika. Ndipo mtu anapochomekea mbele ya lori ambalo dereva wake hamwoni. Njia iliyotulia ni dawa ya hilo, tena dawa ya bure, na ukiwa na ulimi wa kumdhukuru Mola wako njiani huwa ibada pia.

Nitahadharishe mambo matatu. Kwanza, barabara nyeupe isikushawishi kukimbia, kwani huko ufukweni Jumapili familia huvuka na watoto. Pili, usijaribu njia usiyoijua usiku, maana penye ujenzi huwa na mashimo yasiyo na taa na nondo zilizochomoza. Tatu, hakikisha una mafuta ya kutosha na breki zinazoshika, na nyumbani wanajua umepita wapi.

Vumbi, moshi na tope

Wapo wasio na njia nyingine ila kupita penye ujenzi kila siku. Kwao nina nasaha za afya.

Vumbi la ujenzi si mchanga tu. Ndani yake mna chembe ndogo sana za saruji, mawe na masizi. Zile kubwa hunaswa puani. Lakini zile ambazo upana wake haufiki mikroni 2.5, na unywele wa binadamu una kama mikroni 70, huteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huamsha pumu, huleta kikohozi kisichokwisha, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo humzidishia mzigo. Vumbi la mawe na zege linalokatwa lina silika, ambayo kwa anayeivuta miaka mingi huacha makovu kwenye mapafu yasiyotibika. Wanaoumia zaidi ni mafundi wa ujenzi, na kijana wa bodaboda anayeshinda kijiweni kando ya mradi naye hayuko mbali.

Basi vaa barakoa. Ya kitambaa huzuia vumbi kubwa, na zile za N95 ni bora zaidi. Vaa miwani au shusha kioo cha kofia. Jicho likiingia vumbi usilipekeche, lioshe kwa maji safi. Ukikaa nyuma ya lori linalonguruma, usingoje hapo; rudi nyuma au pisha. Foleni ikisimama kwa muda mrefu, zima injini.

Ukifika nyumbani, kung'uta nguo nje kabla hujambeba mtoto. Kisha tawadha vizuri. Tazama hekima ya udhu: kusukutua, kupandisha maji puani na kuyapenga, kuosha uso na mikono mpaka viwikoni. Ni sehemu zile zile zinazobeba vumbi la siku. Anayetawadha kwa ukamilifu mara tano kwa siku ameshasafisha pua yake mara nyingi kuliko anavyoshauriwa na daktari.

Kuhusu tope, wengi huuliza kama nguo iliyorushiwa tope la barabarani inafaa kuswalia. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wametaja kuwa tope la njiani ambalo ni taabu kuliepuka ni katika yaliyosamehewa. Basi usiikose swala kwa kisingizio cha tope, ila ukiweza kubadilisha nguo ni bora kwa usafi.

Kofia, baibui na mshikaki

Kofia ngumu ikivaliwa na kufungwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita, na jeraha la ubongo kwa hadi asilimia 74, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Pamoja na hayo abiria wengi huikataa kwa kuwa inanuka jasho la watu kumi. Kinyaa chao kina msingi, kwani kofia inayopokezanwa huweza kuhamisha chawa na mapunye. Lakini dawa ya kofia chafu ni kuisafisha. Dereva aifute ndani kila siku kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuianika juani. Abiria avae kitambaa chepesi au kofia yake ya kawaida ndani. Na anayepanda kila siku anunue ya kwake. Tunanunua simu za mamia ya maelfu ya shilingi kuhifadhi namba za watu, halafu tunaona ghali kununua kitu cha kuhifadhi ubongo aliotupa Allah.

Kwa dada zetu, kabla ya kupanda kusanya baibui na ncha za mtandio, uzikalie au uzifunge, kwa sababu nguo ikinaswa na gurudumu la nyuma humvuta mtu chini kwa ghafla. Kukaa ubavu hufanya mwili upoteze mizani kwenye mashimo. Kwa hiyo vaa suruali pana ndani ya baibui ili uweze kukaa sawasawa na sitara ibaki. Na mguu wa kulia uchunge bomba la moshi. Ukiungua, mwagia maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mshikaki ni jambo la kuachwa kabisa. Nimeona baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja wakipita katikati ya matuta ya kifusi. Baba huyo anawapenda watoto wake, sina shaka, lakini amewaweka mahali ambapo jiwe moja tu linatosha kuwamaliza wote.

Nani afanye nini

Vijana wa bodaboda watanijibu, na wana haki, kuwa tajiri anataka hesabu yake jioni, mafuta yamepanda, na abiria hataki kuongeza hata mia tano kwa njia ndefu. Jibu langu liko kwetu sisi abiria. Ukimwambia kijana azunguke, mlipe mzunguko. Anayetaka njia salama kwa bei ya kichochoro anajidanganya, kwa sababu tofauti ile itakuja kulipwa na mtoto wa mtu. Na wenye pikipiki, hesabu ya siku za ujenzi isiwe sawa na ya siku nyingine. Kumwonea huruma kijana wako kwa miezi michache ni sadaka.

Serikali za mitaa ziweke matuta na vibao kwenye vichochoro vinavyopitiwa, hasa penye chuo, msikiti na kisima. Wakandarasi nao wamwage maji mara kwa mara kuzuia vumbi, waweke taa kwenye mashimo, na watangaze mapema njia gani itafungwa siku gani. Maimamu wanaweza kulisoma tangazo hilo baada ya swala, kwani msikiti unafikisha habari kuliko gazeti. Na walimu wa madrasa wasiwaachie watoto kwa pamoja kama njiwa. Mwalimu mmoja asimame kwenye kona mpaka wa mwisho avuke.

Nyumbani tuanze na saa. Barabara ikijengwa, familia nzima itoke nusu saa mapema. Alfajiri ipo, na katika asubuhi kuna baraka. Mke asimpigie simu mume aliyeko juu ya pikipiki, na mume naye asipokee akiwa anaendesha. Na tuzoee kusema neno hili moja tunapopanda: "Kijana, nenda taratibu, sina haraka." Hata kama unayo.

Barabara zote hizi siku moja zitakamilika inshaallah, vifusi vitaondolewa, na tutasahau foleni. Mkono wa yule binti umeunga, lakini bibi yake ninapopita hunisalimu, nami kila mara husikia lile swali lake. Kila mmoja wetu ajiulize kabla hajamwambia dereva akate kona: ninakwenda wapi, ambako hakuwezi kuningoja dakika mbili na nusu?

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awahifadhi vijana wetu walioko barabarani, awaponye waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kuondoa udhia njiani na si wenye kuuleta. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.